Mbwa mdogo anayecheza na mtoto wako



Baada ya mkutano wa wiki iliyopita, mama mmoja wa Nyakasanza alinivuta pembeni. Mtoto wake wa miaka 6 ana mbwa mdogo aliyepewa na mjomba wake, na wawili hao hawaachani: wanakimbizana uani, wanagombania kandambili, jua likiwa kali wanalala pamoja kwenye mkeka mmoja. Siku ile, katika kucheza, jino la mbwa lilimkwaruza mtoto mkononi. Damu kidogo tu. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya: "Hii ni kitu ya kupeleka hospitali, ao ni michezo tu?"

Hakuna haya hapo. Ni swali zuri kuliko mengi tunayouliza kwenye mkutano. Mbwa wamejaa kwenye parsele zetu, kuanzia Mudzipela mpaka Simbilyabo, na hatuwazungumzii isipokuwa siku wameiba nyama.

Jibu kwanza. Kidonda chochote kilichotoka kwa meno ya mbwa, hata kidogo, hata cha mbwa mnayempenda, kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri. Mtoto atalia, atachoka, na wewe utachoka. Ile ndoo yenye robine tuliyozoea kunawia mikono wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, ndiyo chombo chake: fungua maji yatiririke juu ya kidonda, paka sabuni, endelea. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Halafu nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, msingoje kuona kama kitavimba. Jiwe nyeusi, chumvi, pilipili, mafuta ya motokaa, hayo yote yaacheni. Najua jiwe nyeusi lina wapenzi wake hapa Bunia, na wengine watanikasirikia. Lakini haliwezi kunyonya ugonjwa huu, na kila saa linapokaa juu ya kidonda ni saa ambayo mtoto hajaoshwa wala hajachanjwa.

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa, ndio ule tunaouita raje. Unakaa katika mate. Ukiingia kwenye kidonda, unatembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili ao mitatu. Pengine wiki moja tu, pengine hata mwaka. Ndiyo maana watu hudanganyika: kidonda kimepona, mtoto anacheza, jambo limesahauliwa. Siku dalili zinapotokea, mtoto anashindwa kumeza, anaogopa maji, anahangaika, hapo karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya siku hiyo, kuosha na chanjo vinaokoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba raje huua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameipata kwa mbwa. Kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Si ajabu. Ni nani anayecheza na mbwa uani, kama si wao?

Napenda sana habari ya mama mmoja wa zamani kule Alsace, Ulaya. Julai 1885 mtoto wake Joseph Meister, miaka 9, aliumwa na mbwa mwenye kichaa, vidonda vingi. Mama akasafiri naye mpaka Paris, kwa Louis Pasteur, ambaye wakati ule alikuwa akijaribu chanjo yake kwa mbwa. Tarehe 6 Julai mtoto alidungwa dozi ya kwanza, akaendelea na nyingine siku zilizofuata, na akaishi mpaka utu uzima. Watu wanamkumbuka Pasteur, na wana haki. Mimi namkumbuka yule mama aliyekataa kukaa nyumbani kungoja.

Sasa, mama wa Nyakasanza alikuwa na swali la pili: amuue yule mbwa? Nikamwambia hapana, wala asimtupe sokoni usiku. Mbwa aliyeuma mtoto ni shahidi. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Kama baada ya siku 10 ni mzima, anakula na kucheza, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa, na daktari atajua la kufanya na chanjo zilizobaki. Lakini usingoje hizo siku 10 ndipo umpeleke mtoto. Mtoto anakwenda leo, mbwa anaangaliwa nyumbani. Akibadilika, akitoa mate mengi, akishindwa kutembea vizuri, akiuma miti na mawe, ao akifa, mwite veterinere, na mtu asimshike kwa mikono mitupu.

Nilimuuliza kama mbwa alichanjwa. Akacheka. "Mbwa naye anachanjwa?" Anachanjwa, tena ni shindano moja, kuanzia miezi mitatu, halafu inarudiwa kila mwaka ao kama veterinere atakavyosema. Hapo ndipo kinga ya mtoto wako inapoanzia, kwenye ngozi ya mbwa.

Kwa hiyo tumtazame huyu mbwa vizuri, maana mbwa anayetunzwa ndiye anayekaa nyumbani, na anayekaa nyumbani hakutani ovyo na mbwa wagonjwa. Mbwa mwenye njaa anakwenda kwenye majalala, anapigana huko, halafu jioni anarudi kulamba uso wa mtoto. Mabaki ya fufu yenye mchuzi ni chakula, lakini hayatoshi kila siku. Mwekee vichwa vya samaki waliopikwa, matumbo ya kuku yaliyochemshwa, kidogo cha maharagwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano na kutoboa tumbo. Na maji! Wengi wanamwekea mbwa chakula na kusahau maji siku nzima wakati wa kiangazi. Sahani ya zamani iliyotoboka pembeni inafaa, ilimradi chini iwe nzima.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni kamba. Mtoto wa mbwa anafungwa kamba shingoni akiwa na ukubwa wa paka. Anakua, na kamba haikui. Nimeona mbwa ambaye kamba iliingia ndani ya nyama, manyoya yamefunika, na wenyewe wanashangaa kwa nini ananuka na kwa nini amekuwa mkali. Kila Jumapili, ukiwa unasuka nywele za watoto, ingiza vidole viwili chini ya ile kamba. Visipopita, ilegeze. Na kumfunga mchana kutwa hakumfanyi kuwa mlinzi bora. Mbwa mlinzi ni yule anayejua nani ni wa parsele na nani si wa parsele, na hilo analijua kwa kuzunguka katikati yenu. Zile usiku tunazosikia hatua nje ya ukuta, sote tunajua ni nani anaamka wa kwanza.

Mtazameni miguu pia. Funza wanaingia kwenye nyayo za mbwa kama wanavyoingia kwenye vidole vya watoto, na ukiwatoa kwa mtoto tu bila kumwangalia mbwa, unachota maji kwa kikapu. Minyoo vilevile. Mwombe veterinere dawa ya minyoo siku ileile ya chanjo.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa anayelala haamshwi kwa kuvutwa mkia. Mama mbwa mwenye watoto hasogelewi hovyo, hata kama jana alikuwa rafiki. Na mbwa wa barabarani asipokujua, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni, mpaka aondoke. Hayo mtoto wa miaka 5 anayaelewa ukimwonyesha kwa mchezo: mmoja awe mbwa, mwingine awe mti.

Mtaniuliza, kwa nini taabu yote hii kwa mbwa wakati watu wenyewe wana shida? Swali hilo nalisikia, na si la mtu mbaya. Tangu mwisho wa 2017 familia nyingi za Djugu zilikimbilia hapa mjini, wengine na godoro, wengine na sufuria moja, na mara nyingine mbwa nyuma yao. Katika kartie yetu kuna mtoto wa kike aliyefika hivyo. Miezi ya kwanza hakusema na mtu. Alisema na mbwa. Tulimsikia nyuma ya nyumba akimwambia mambo, mambo marefu, na yule mbwa anakaa kimya, masikio juu. Bibi yake aliniambia hawezi kumfukuza mbwa huyo hata kama chakula ni kidogo, na sikuwa na la kumjibu.

Tena mbwa wetu si takataka. Wale wadogo wa msituni, masikio yamesimama na mkia umejikunja, ambao Wambuti na majirani zao huwinda nao kule Mambasa, hawabweki kama wengine. Ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni. Mwaka 1937 mbwa wa aina hiyo kutoka Kongo walionyeshwa London kwenye maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, na watu walijazana kuwaona. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja huku, nchi ikiitwa Zaire, kutafuta wengine wa kuongeza damu mpya. Na wanawaitaje? Basenji. Ni neno lilelile la ushenzi ambalo lilitumiwa kuwadharau watu wa vijijini. Watu wa mbali wananunua mbwa huyo kwa pesa nyingi na kumlaza ndani ya nyumba. Sisi tulionaye tunampiga teke akisogelea jiko.

Kuna pia wanaosema dawa ni kuwaua wote. Kila mara habari za raje zinaposikika, fimbo zinatoka. Lakini ukiwaua hao, wengine wadogo wasiochanjwa wanazaliwa na kuingia mahali pao. Kisiwa cha Pemba, Tanzania, kilitumia chanjo ya mbwa, kampeni baada ya kampeni, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Ulirudi 2016, kwa mbwa waliotoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na 2018 ukaisha. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 7 kati ya 10 kila mwaka, ugonjwa unakosa njia. Saba kati ya kumi, wamama, si wote.

Veterinere hawezi kuja kwa mbwa mmoja mmoja. Chanjo inakaa kwenye baridi na usafiri wa moto una gharama. Kwa hiyo pendekezo langu ni tutumie njia yetu ya likelemba: kila mwenye mbwa atoe kidogo kila wiki, na wasio na mbwa wakipenda, kwa kuwa watoto wao pia wanapita barabarani. Jumamosi hii katibu atakuwa na daftari. Andikisha mbwa wako, umri wake, na kartie. Jina pia, hata kama ulimpa jina la kumsema jirani. Tunawajua akina Wataona na akina Wivu-Haujengi, tutaandika tu bila kuuliza. Na mama wawili wajitolee kwenda kuuliza, kabla ya mtu kuumwa, chanjo ya raje ya watu inapatikana wapi hapa mjini, ili jibu liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari hilohilo.

Mtoto wa Nyakasanza alipelekwa kituo cha afya jioni ileile. Mbwa wake leo yuko siku ya 7. Anakula, na ameshaharibu kandambili nyingine.