Miguu ipo Ngara, pointi hazipo

KUTOKA NYAKANAZI
Na Deusdedit Kaizilege

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Kutoka daraja la mpakani la Rusumo, wilayani Ngara, hadi Kigali ni kama kilomita 160 za lami. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa kilomita 267.5, kupanda na kushuka, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia.

Mkazi wa Rulenge au Murusagamba hahitaji kuelezwa vilima hivyo. Ni vilevile vyetu, mto tu ndio uliokaa katikati. Huku kwetu vijana wanavipanda wakiwa na mikungu ya ndizi kwenye keria, juu ya baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, na panapowashinda wanashuka na kusukuma. Wanafanya hivyo kutafuta riziki, na hakuna anayewashikia saa.

Swali linalonisumbua tangu Septemba ile ni hili: kijana kama huyo angeingiaje kwenye mbio za Kigali?

Tazama kwanza riadha. Siku sita kabla ya Kigali kuanza, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Njia ya mkimbiaji wa marathoni inaeleweka. Ukikimbia mbio zinazotambuliwa, muda wako unaandikwa, na ukifikia kiwango unayo hoja ya kudai nafasi. Simbu mwenyewe alikuwa wa pili Boston mwezi Aprili mwaka huohuo.

Baiskeli haina kiwango cha muda. Nafasi za mbio za wanaume wakubwa hugawiwa mataifa kwa msimamo wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Mataifa kumi ya juu hupeleka waendeshaji 8 kila moja, yanayofuata 6, kisha 4, na idadi inazidi kupungua kadiri unavyoshuka. Pointi za msimamo huo hazipatikani penginepo isipokuwa katika mbio zilizomo kwenye kalenda ya UCI. Mlango mwingine ni ubingwa wa bara, kwa kuwa bingwa wa Afrika hupewa nafasi yake mwenyewe. Ubingwa huo mwaka 2024 ulifanyika hapa jirani, Kenya.

Kwa hiyo kijana wa Ngara anaweza kuwa na mapafu na mapaja kuliko wengi waliokuwa Kigali, na bado asiwe na chochote cha kuonyesha. Kinachoanza ni leseni ya chama cha taifa, halafu mbio, halafu pointi. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimchezo na David Kinjah kule Kikuyu, aliingia mashindano ya dunia ya Salzburg mwaka 2006, mbio za walio chini ya miaka 23, kwa kujiandikisha mwenyewe kupitia barua pepe, kana kwamba ni shirikisho la Kenya lililoandika. Baadaye alishinda Tour de France mara nne. Watu huisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi inanihuzunisha, maana mtu wa kipaji kile hakuona mlango mwingine wa kupitia.

Wanyarwanda waliutengeneza mlango. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988 na kuingia kalenda ya UCI mwaka 2009. Mwaka 2007 Mmarekani Jonathan Boyer alifika kuanzisha timu, akapima nguvu za vijana wa vijijini, wakiwemo waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Adrien Niyonshuti wa timu hiyo akabeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akashinda Tour du Rwanda, Mnyarwanda wa kwanza kufanya hivyo tangu mbio hizo ziingie kalenda ya UCI. Tangu timu ianze hadi hapo ni miaka saba. Hiyo si kazi ya kizazi kizima.

Ninachopendekeza ni mbio za kila mwaka kutoka Biharamulo mjini kupitia Nyakahura na Benaco hadi Ngara mjini. Najua pingamizi la kwanza, nalo ni la kweli: barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, ambayo mbio hizo zingeipita kwa sehemu, ni ya malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, na mwendesha baiskeli humo yuko hatarini kila dakika. Ndiyo maana sitaki mbio za kukimbizana na malori. Barabara ifungwe Jumapili moja asubuhi, kwa saa chache, trafiki wakiwa kila makutano na gari la wagonjwa likiwa nyuma ya msafara. Kigali ilifunga barabara zake na hata shule kwa wiki nzima, na biashara ya nchi haikufa.

Tuanze na wenye miaka 14 na 15. Mashindano ya dunia yana mbio za vijana wa miaka 17 na 18, hivyo anayeanza leo ana muda wa kutosha. Na wasichana wawe kundi kamili, si nyongeza: barani kwetu waendeshaji wa kike bado ni wachache, na naamini nafasi yao ya kupenya ni kubwa kuliko ya wavulana. Watakaoongoza wakatiwe leseni kupitia Chama cha Baiskeli Tanzania, kisha wavushwe Rusumo wakashindane na Wanyarwanda mara kwa mara, hata kama mwaka wa kwanza wataachwa mbali.

Waheshimiwa madiwani wa Ngara na Biharamulo, tengeni fungu la mbio hizi katika bajeti ijayo, na maofisa michezo wa wilaya mbili wakae meza moja na polisi na chama cha baiskeli kabla fungu hilo halijapitishwa. Na wewe mzazi ambaye mwanao hupanda kilima cha shule bila kushuka kwenye baiskeli, mpeleke kwa ofisa michezo aandikwe jina.