Fedha ya Kufundisha Kilimo Isiguswe

Katika msimu wa mwaka 1973/74 mikorosho ya Tanzania, ambayo kwa sehemu kubwa imeota katika ardhi ya Mtwara na Lindi, ilitoa zaidi ya tani 140,000 za korosho ghafi. Na kabla ya miaka kumi na mitano kupita mavuno hayo yalikuwa yameporomoka hata yasifike tani 20,000, na watu waliokwisha kuezeka bati na kusomesha watoto kwa zao hilo wakarejea kwenye mihogo yao wakiwa wameduwaa. Sababu hazikuwa moja. Operesheni ya kuhamia vijijini iliwatenga wakulima na mikorosho yao, ikabaki porini bila wa kuipalilia. Bei haikuwa ya kumtia mtu hamu. Na juu ya hayo ukaja ubwiriunga, maradhi ya ukungu ambayo hulifunika ua la mkorosho kwa unga mweupe, kisha ua likabadilika rangi, likakauka na kupukutika kabla halijatunga tunda.

Kilichoyafufua mavuno yale hakikuwa trekta wala kiwanda, bali maarifa. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walikaa na maradhi hayo miaka nenda miaka rudi mpaka wakajua kwamba salfa ya unga ikipulizwa kwa wakati wake huyazuia, kwamba mikorosho iliyosongamana yafaa ipunguzwe na kupogolewa ili jua na hewa vipenye, na kwamba mti mkongwe waweza kukatwa na kubebeshwa vikonyo vya mti bora ukaanza maisha mapya. Walakini maarifa yaliyofungiwa kabatini hayapulizi hata mkorosho mmoja. Ilibidi atokee mtu wa kuyachukua, afike nayo Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, asimame shambani na kijana alfajiri, wakati upepo haujaamka na umande ungali juu ya maua, amwonyeshe namna ya kulijaza bomba, kulivaa mgongoni na kuuelekeza mdomo wake kwenye vilele, na amweleze kwa nini salfa ile ile, jua likishapanda na upepo ukaanza kuvuma, hupeperuka bure ikawa ni hasara ya mfuko mzima. Kijana aliyefundishwa hivyo alijipatia kazi papo hapo, kwa maana jirani asiye na bomba humwita ampulizie, naye akalipwa. Ilipofika msimu wa 2017/18 nchi ikavuna tani zipatazo 313,000.

Sasa nani aliyekuwa akilipia kazi hiyo? Hilo ndilo lililonifanya nianze na korosho. Sheria ilikuwa imeweka ushuru juu ya korosho ghafi zinazosafirishwa nje, na katika ushuru huo asilimia 65 ilikuwa ikirudi kwenye zao lenyewe kwa ajili ya pembejeo, utafiti na ugani, na iliyosalia ikaingia Hazina. Ulikuwapo hata mfuko maalumu wa kuliendeleza zao hilo, ulioitwa kwa jina la Wakfu. Sitaki kuusifu kupita kiasi, kwa sababu lawama za matumizi ziliuandama na hatimaye ukavunjwa. Lakini mwezi wa Juni 2018, katika Bunge la bajeti mjini Dodoma, sheria ilibadilishwa, ushuru wote ukaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa maneno makali, wakashindwa kwa wingi wa kura. Msimu uliofuata mavuno yalishuka hadi tani 225,000 hivi, na kufikia 2020/21 yalikuwa karibu tani 210,000. Insafu yanitaka niseme kwamba mvua na misukosuko ya ununuzi vilikuwa na sehemu yao katika hasara hiyo. Lakini mkulima aliyeikosa salfa mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa na mchumi ni kipi kilichoangusha maua yake. Baadaye sehemu ya fedha hiyo ilianza kurudishwa, pembejeo zikagawiwa, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani laki tano.

Watu wa pwani wanaijua vyema mali ya wakfu. Mtu akishaweka nakhli au nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti, mayatima au wanafunzi wa chuo, mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba, hata yeye mwenyewe aliyeiweka akipatwa na dhiki hana idhini ya kuirudia. Na mutawali aliyekabidhiwa huisimamia, akatumia mazao yake katika lile lililokusudiwa, si jingine, hata kama jingine hilo lina uzuri wake. Huko Zanzibar serikali ina Kamisheni nzima iliyowekwa kwa ajili ya wakfu na mali ya amana. Ninalolidai katika makala haya ni kwamba fedha ya umma inayolipia kumfundisha kijana wa shamba kilimo, iwe ya chuo, ya afisa ugani, ya shamba darasa au ya shamba la shule, ipewe hadhi ya namna hiyo katika sheria zetu. Naijua hoja ya Hazina: serikali haiwezi kujifunga mikono, kwa maana leo kuna ukame, kesho kuna daraja lililokatika, na fedha yote ni ya jamhuri moja. Ni hoja yenye uzito. Lakini ikiwa kila mwaka fungu lile lile ndilo linalotolewa mhanga, basi huo si wepesi wa kuhama na mambo, ni mazoea.

Na kwa nini liwe fungu lile lile? Kwa sababu elimu haizinduliwi. Daraja lina utepe wa kukatwa, trekta lina picha ya kupigiwa, pembejeo zina foleni ya watu wanaoshangilia. Ilhali mafunzo aliyopata binti wa Nanyumbu mwaka huu huzaa matunda yake baada ya miaka mitano au sita, wakati mbunge aliyeyapigania amekwisha kwenda zake na waziri amebadilishwa wizara. Kwa hiyo mkasi unapoletwa mezani, huanzia pale ambapo hapana kelele. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mwaka 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza kubana matumizi, ajira za mabwana shamba zikazorota na vyuo vikapungukiwa hata chaki. Na tusidhani kwamba ni mambo ya kale. Katika mwaka wa fedha 2016/17 Bunge liliidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 100 za maendeleo kwa ajili ya kilimo, na ulipofika mwezi wa Mei 2017, mwaka ukiwa unakaribia kwisha, iliyokuwa imetolewa haikufika asilimia 4. Tarakimu iliyosomwa bungeni kwa taadhima ilikuwa moja, na iliyofika ilikuwa nyingine kabisa. Wakati huo ilikuwa imetimia zaidi ya miaka kumi tangu marais wa Afrika walipoahidi kule Maputo, Julai 2003, kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo.

Hapa nitasita kidogo, kwani si haki kuilaumu Hazina peke yake. Sisi wenyewe tulilidharau shamba mbele ya watoto wetu. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, mradi wake ulikuwa shamba liwe sehemu ya shule, mahali ambapo mwanafunzi atapima mbolea, aandike mapato na matumizi, aamue na wenzake wapande nini, akosee na ajifunze kwa kosa lake. Yaliyotendeka katika shule nyingi tunayajua. Aliyechelewa namba alipelekwa kulima. Aliyezungumza darasani alipewa kipande akifyeke. Mahindi yalipokomaa hesabu yake haikusomwa mbele ya waliolima. Mtoto aliyelelewa miaka saba akiona jembe linaambatana na fimbo atalipenda kwa lipi? Kisha tunashangaa tunapomkuta kando ya barabara kuu Ubungo, Dar es Salaam, jua la utosi, anauza maji ya chupa kwa abiria wa mabasi, na tunasema vijana wa leo hawataki kilimo. Tulikifanya kuwa adhabu naye anakikimbia, na sioni ni wapi alipokosa.

Maadamu mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, na kilimo kimo ndani yake, nafasi ya kulisahihisha jambo hili imerudi tena. Lakini somo la amali bila bustani, bila bomba la maji, bila mwalimu aliyefuzu kilimo na bila mbegu za kupanda ni hadithi ya kilimo tu, na hadithi hiyo wazazi wa wanafunzi wanaijua kuliko mwalimu. Gharama yake si ndogo, na ni ya kila mwaka. Mbegu ya mwaka jana haioti mara mbili.

Kadhalika tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vilianza mwaka 1975 kwa mfano na msaada wa Sweden, navyo leo ni 54, vimetawanyika wilayani mahali ambapo vyuo vikuu havitafika kamwe. Kwa maoni yangu hakuna mali ya serikali iliyo karibu zaidi na kijana wa shamba kuliko hivi: hupokea aliyemaliza darasa la saba, hupokea msichana aliyekatishwa masomo na ujauzito, na masharti yake si ya kumvunja mtu moyo. Mbali na hivyo kuna vyuo vya kilimo vya wizara, kama Uyole, Ukiriguru, Ilonga na Mtwara, na juu yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilichopata hadhi yake mwaka 1984. Ngazi zote zipo tangu zamani. Upungufu umo katika mafuta ya kuiendesha mashine hii, na mara nyingine nalisema neno hilo kwa maana yake halisi: mwezi wa Aprili 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, jambo la kushukuriwa, lakini pikipiki haiendi kwa shukrani, na halmashauri isiyo na fungu la petroli hulaza chombo kile ukumbini mwa ofisi ya kata huku mkulima wa kitongoji cha mbali akimwuliza mwenye duka la dawa ni dawa gani anunue. Mwenye duka, bila shaka, humtajia ile iliyobaki nyingi rafuni.

Nitajibiwa kwamba bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 900 mwaka 2023/24. Ni kweli, na aliyefanya hivyo apewe haki yake. Ila sehemu kubwa ya nyongeza ile imekwenda katika mifereji ya umwagiliaji na ruzuku ya mbolea, vitu vyema ambavyo bila mtu wa kuvifundisha hutumika nusu. Nitakumbushwa pia programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora (BBT) iliyozinduliwa Dodoma mwezi wa Machi 2023, ya kuwaweka vijana katika mashamba makubwa ya pamoja kama lile la Chinangali. Siidharau azma yake. Ninachohofia ni kwamba kumhamisha kijana mmoja, kumfyekea, kumchimbia kisima na kumjengea ni ghali mno kulinganisha na kumfundisha katika chuo cha wilaya yake kisha arudi kwenye ekari mbili za babu yake, na kwamba programu yenye jina kubwa huondoka na mwenye jina.

Ama wale wasemao kwamba wahisani watatusaidia, waulize vijana waliokuwa katika miradi ya kilimo iliyolipiwa na Marekani. Januari 2025 amri ilitoka Washington ya kusimamisha misaada, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID, shirika lake la misaada, likawa limekoma kuendesha misaada. Hakuna diwani wa Tanzania aliyeulizwa, wala hapakuwa na sababu ya kuulizwa: fedha haikuwa yake. Na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana wana asilimia 4 yake, nayo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za vikundi hewa na marejesho yasiyorejeshwa, ikaja kufunguliwa tena mwaka uliofuata. Sishangai kwamba mingi haikurejeshwa. Umempa mtu milioni tano za kufuga kuku kabla hujamfundisha kideri ni nini na chanjo yake huwekwa lini; kuku wakafa kwa wiki moja, na deni likabaki hai.

Kila mwaka kuanzia Aprili Bunge hukaa Dodoma kuijadili bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Nawaomba waheshimiwa wabunge, hususan wa majimbo ya shamba, wasiridhike na kusomewa tarakimu zilizoidhinishwa, bali wadai kifungu cha sheria kitakachotaja sehemu ya ushuru wa mazao itakayokwenda katika mafunzo na ugani, kitakachokataza sehemu hiyo kuhamishwa kwa shughuli nyingine, na kitakachomlazimu waziri kila robo ya mwaka kulieleza Bunge ni shilingi ngapi zimetolewa na zimefika chuo gani. Nawe msomaji, mkutano wa kijiji utakapoitishwa, mwulize mtendaji mbele ya watu: afisa ugani wetu alipewa lita ngapi za petroli mwezi uliopita?