Dawa ya Meno Iwe na Mahali Pake

Ukiingia katika nyumba nyingi za Mollo utakuta karibu kila kitu kina mahali pake. Jembe huegemezwa ukutani. Ungo hutundikwa. Chungu cha maji hufunikwa. Vyombo vikishaoshwa huanikwa juu ya kichanja, jambo ambalo mabwana afya na mabibi afya wamelihimiza vijijini kwa miaka mingi.

Lakini ukiuliza dawa ya meno iko wapi, watu huanza kutazamana. Mara iko chini ya mto. Mara iko mfukoni mwa koti la baba. Mara iko dirishani, haina kifuniko, imeminywa tumboni mpaka imepinda, na mdomo wake umekauka na kushika vumbi.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Mimi nasema si dogo. Familia nyingi haziishiwi dawa ya meno kwa sababu ya umaskini peke yake. Huishiwa pia kwa sababu ya kukosa utaratibu. Kifaa cha kijiti na kopo, ambacho mtu yeyote anaweza kukitengeneza nyumbani bila kununua kitu, kitalinda meno ya watoto wetu vizuri kuliko tyubu tatu zilizotupwa ovyo.

NI DAWA KWELI

Jina letu la Kiswahili limesema kweli. Ile ni dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye madini ya floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Floridi huimarisha sehemu ya nje ya jino ili isiliwe upesi na tindikali inayotengenezwa na vijidudu vya kinywani. Vijidudu hivyo hula sukari iliyobaki katika meno yetu. Siku hizi soda, biskuti na peremende zimefika katika kila duka la kijijini. Kwa hiyo adui amefika mpaka mlangoni.

Wataalamu wanatushauri kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na mojawapo iwe kabla ya kulala. Dawa iwe na floridi kiasi cha sehemu 1000 hadi 1500 katika kila milioni. Kiasi hicho huandikwa kwenye tyubu au kwenye boksi lake. Sasa jiulize: mtoto atapigaje mswaki kabla ya kulala ikiwa tyubu imo mfukoni mwa koti, na mwenye koti hajarudi? Kitu kinachotafutwa kwa kibatari hakitumiki kila siku. Kitu kinachoonekana mahali pake hutumika.

TUFANYE HESABU

Watu husema, "Dawa ya meno ni ghali, haikai." Basi tufanye hesabu pamoja.

Mtu mzima, na mtoto wa miaka mitatu au zaidi, wanahitaji dawa kiasi cha punje moja ya njegere. Hiyo ni kama robo ya gramu. Mtoto mwenye umri chini ya miaka mitatu anahitaji kidogo zaidi, kama punje moja ya mchele. Lakini wengi wetu hujaza mswaki kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama tunavyoona katika picha za matangazo. Hapo mtu hutumia gramu moja au zaidi kwa mara moja.

Chukua familia ya watu watano. Kila mtu anapiga mswaki mara mbili. Kwa siku ni mara kumi. Wakijaza mswaki kwa gramu moja, tyubu ya gramu 100 itakwisha kwa siku 10. Wakitumia punje ya njegere, tyubu hiyo hiyo itakaa siku 40. Ni pesa ile ile na duka lile lile. Tofauti ni utaratibu tu.

Tena kuna dawa inayobaki ndani. Tyubu ikiminywa katikati, dawa nyingine hukimbilia mkiani na kukaa huko. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapobana, dawa huwa nzito asubuhi. Watu huminya kwa nguvu palepale katikati, haitoki, wanasema imekwisha, wanaitupa. Ukiipasua tyubu ya namna hiyo kwa kisu utaona kilichotupwa.

TYUBU ZA ZAMANI NA ZA LEO

Tyubu ya kuminya haikutengenezwa kwanza kwa ajili ya meno. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alipata haki ya uvumbuzi wake wa tyubu ya bati laini ya kuhifadhia rangi za wachoraji. Dawa ya meno iliingizwa katika tyubu baadaye, mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo watu walitumia unga wa kusafishia meno, au dawa iliyotiwa katika kikopo ambamo jamaa wote walichovya miswaki yao.

Wazee wanazikumbuka tyubu za madini. Ukizikunja kutoka mkiani zilibaki zimekunjwa. Tyubu nyingi za leo ni za plastiki, au za plastiki iliyopakwa juu ya utando mwembamba wa madini. Ukizikunja hurudi kama zilivyokuwa. Kwa hiyo kijana anayeminya tyubu katikati si mzembe tu. Tyubu yenyewe haimsaidii. Inahitaji kibanio cha kuishika.

JINSI YA KUTENGENEZA KIBANIO

Tafuta kijiti kikavu kilichonyooka, unene wa kidole gumba, urefu kama shubiri moja. Kipasue katikati kwa kisu kuanzia ncha moja, lakini usifike mwisho. Acha sehemu ya vidole viwili bila kupasua. Lainisha kwa kisu au msasa ili kisichome mikono ya watoto.

Ingiza mkia wa tyubu katika mpasuo. Funga ncha iliyo wazi kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Sasa zungusha kijiti kama mtu anayekunja mkeka. Dawa itasogea mbele kuelekea mdomoni. Kila baada ya siku mbili tatu zungusha tena kidogo. Ukiona mkunjo unafunguka, uzungushie mpira mwingine.

Kisha tafuta kopo ambalo ni pana kuliko tyubu lakini ni jembamba kuliko urefu wa kijiti. Toboa matundu machache chini ili maji yasituame. Kunja kingo zake kali kwa nyundo. Lipigilie kwa msumari ukutani. Teremsha tyubu ndani, kifuniko kikiwa chini, na kijiti kilale juu ya mdomo wa kopo. Uzito wa dawa utaivuta yenyewe kuelekea chini. Kazi imekwisha.

Kwa miswaki, chukua kipande cha ubao na ukitoboe matundu, kila mswaki na tundu lake. Vichwa vya miswaki viwe juu ili vikauke, wala visigusane. Kila mtu afunge uzi wa rangi yake katika mpini. Mswaki si kitu cha kuazimana, hata kati ya mume na mke.

MAMBO MATATU YA HATARI

Kwanza, msitumie kopo lililokuwa na dawa ya kuhifadhi mahindi, dawa ya kuogeshea mifugo, au dawa yoyote ya shambani. Ufipa ni nchi ya mahindi na maharage, na makopo ya dawa za wadudu ni mengi majumbani. Kuliosha kopo la namna hiyo mara kumi hakulifanyi kuwa salama. Tumieni kopo la maziwa ya unga, la majani ya chai, au kipande cha mwanzi.

Pili, katika mahali pa dawa ya meno pasiwekwe tyubu nyingine yoyote. Dawa za ngozi, dawa za macho na dawa za vidonda vya mifugo nazo huja katika tyubu. Gizani zote hufanana. Mtoto hajui kusoma maandishi madogo, na baadhi ya wazee macho yamechoka. Kopo moja, tyubu moja, na wote wajue.

Tatu, kopo liwe juu, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Dawa nyingine za meno zina utamu, na watoto huila kama peremende. Floridi inafaa kwa kiasi chake, lakini ikizidi hudhuru. Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya visima na chemchemi fulani yana floridi nyingi mno, tunawaona watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Mtoto ambaye meno yake bado yanakua ndani ya fizi akimeza dawa nyingi kila siku, naye anaweza kuota meno yenye mabaka. Kwa hiyo mzazi ndiye atoe dawa na kuipima. Aendelee kumsaidia mtoto kupiga mswaki mpaka afikishe miaka saba au minane. Mtoto afundishwe kutema mate, asimeze.

"HAYO NI MAMBO YA MJINI"

Najua wako watakaosema, "Mwandishi, hayo ni mambo ya watu wa mjini. Sisi babu zetu walitumia kijiti na meno yao yalikuwa meupe." Ni kweli, mswaki wa mti ukitumiwa vizuri husafisha meno. Tena neno mswaki lenyewe lilianza kwa kijiti hicho. Asiye na dawa asiache kusugua meno yake kwa mti. Lakini babu zetu hawakunywa soda kila siku ya mnada. Chakula kimebadilika, kinga nayo ibadilike. Hata anayetumia mswaki wa mti anaweza kuusugulia dawa yenye floridi.

Wengine watasema tuna mambo makubwa zaidi: mbolea, barabara, bei ya mahindi. Nami sikatai. Lakini tazama jino linavyomfanya mkulima. Mvua zimeanza mwezi wa Novemba, wenzake wanapanda, yeye amelala ameshika shavu. Hali, halali. Daktari wa meno hayuko katika kila zahanati, mara nyingi sharti mtu asafiri mpaka hospitalini. Nauli, siku za kazi zilizopotea, na mwisho jino linang'olewa. Jino la mtu mzima likishang'olewa haliji jingine.

Na kwa watoto kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifika karibu miaka sita, huota magego manne ya kudumu nyuma ya meno ya utoto. Wakati huo hakuna jino lililong'oka mahali hapo, kwa hiyo mzazi hudhani ni meno ya utoto, akasema, "Acha yaoze, yatatoka tu." Kumbe ndiyo magego atakayotafunia maisha yake yote. Hayo ndiyo tunayoyalinda kwa kijiti na kopo.

TULIJIFUNZA HAPO ZAMANI

Mwaka 1973 taifa letu lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Lakini hawakuishia kwenye maneno. Waliondoka wakachimba vyoo. Ndiyo maana kampeni ile inakumbukwa. Vivyo hivyo kibuyu chirizi: dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Watu walikuwa wanajua kwamba kunawa mikono ni vizuri. Walichokosa ni kifaa karibu na choo cha kuwakumbusha. Kifaa kilipowekwa, mkono ulifuata.

Meno nayo ni hivyo hivyo. Kumwambia mtoto "piga mswaki" kila siku ni kelele. Kumwekea mswaki wake, uzi wake, na dawa iliyopangwa vizuri mahali pamoja ni elimu.

Akina baba, jambo hili msiwaachie akina mama peke yao. Anayejua kuchonga mpini wa jembe hawezi kushindwa kupasua kijiti cha shubiri moja. Na baba anayesafiri asiondoke na tyubu ya nyumba nzima mfukoni. Ile si mali yake peke yake.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda kwenye mnada au kwenye pombe, tengenezeni kibanio. Gharama yake ni msumari mmoja. Kisha andikeni juu ya tyubu tarehe mliyoifungua, na siku itakapokwisha hesabuni imekaa siku ngapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako dawa ya meno hukaa wapi? Je, mtoto wako wa shule anaweza kuipata jioni bila kukuuliza?

2. Tyubu ya gramu 100 ingekaa siku ngapi katika familia ya watu wanane, wakipiga mswaki mara mbili na kutumia robo gramu kila mara?

3. Ni makopo gani yaliyomo kijijini petu yasiyofaa kabisa kutumiwa nyumbani, na tuyafukie wapi?