Nyumba ya Ufukoni na Watu wa Ndani



Mwezi uliopita alitujia hapa Tarime mzazi wa mmoja wa wanafunzi wetu, mfanyabiashara ambaye Mwenyezi Mungu amemkunjulia riziki, naye ana ramani ya nyumba mkononi. Anajenga kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Shirati, katika nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya yetu hata ilipokatwa Rorya mwaka 2007. Nyumba ni ya ghorofa, ina nguzo 6 nene mbele kwa namna ya Kirumi (twasema Warumi wa kale, si Kirumi yetu ya darajani), na ukumbi mmoja mkubwa mno. Akataka tumwombee dua, tukamwombea. Kisha tukamwuliza: "Na mama yako atalala wapi?" Akaitazama ramani kitambo, akaigeuza, asipate jibu.

Tumeona vyema kulileta jambo hili mbele yenu, maana si lake peke yake. Kutoka Mugumu hata Sirari, vijana wetu wakipata fedha hujenga nyumba ya kutazamwa na apitaye njiani. Mlango wa mbele ukifunguliwa tu, mgeni huona meza ya chakula, jiko, na milango ya vyumba vya kulala. Mabinti hujifungia chumbani muda wote mgeni yupo. Sisi wenyewe tumekuwa wageni hao, tukainamisha macho mpaka shingo ikauma. Qur'ani katika Sura Nuur imetufunza kutaka ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Lakini faida ya hodi ni gani, ikiwa aliye mlangoni amekwisha kuona kila kitu?

Nguzo si dhambi. Sayyid Barghash bin Said alipojenga Beit al-Ajaib kule Unguja mwaka 1883, aliizungusha roshani pana zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma, zikaleta kivuli na upepo. Ndani aliweka sakafu za marumaru na milango mikubwa ya nakshi. Ikawa nyumba ya kwanza Unguja kuwaka taa za umeme. Walakini ile ilikuwa nyumba ya sherehe na shughuli za dola. Jamaa za Sultani walikaa katika majumba ya jirani. Bwana wetu ataka jumba la sherehe, kisha alale humo na watoto! Na majumba ya namna ile hula fedha ya matengenezo siku zote. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ikiwa katika kukarabatiwa, sehemu yake kubwa ilianguka, watu wawili wakafariki.

Atakaye nyumba ya kukaa, na atazame Lamu, zile nyumba za mawe za miaka ya 1700. Nje ya mlango pana daka, lenye mabaraza ya mawe kushoto na kulia. Hapo mwenye nyumba huzungumza na watu, na wengi huishia hapo wala hakuna aonaye vibaya. Ukivuka mlango waingia tekani, na njia yapinda, hata mlango ukiwa wazi macho ya mpita njia hugonga ukuta. Karibu na hapo pana sabule, chumba cha mgeni: hufika, hulala, huondoka, asipite kwa wenyewe. Ndipo uje kiwandani, ua lililo wazi juu, na kutoka hapo msana wa tini, msana wa juu, na ndani, kimoja nyuma ya kingine.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Dhiki ya mti ikawafunza mafundi mpango wa nyumba nzima. Sisi leo tuna saruji na nondo, twaweza kufanya ukumbi wa upana tuupendao, na kwa ajili hiyo hatufikiri. Na mle ndani kabisa, ukutani, ndimo mlimo safu kwa safu za vidaka vya chokaa iliyochongwa, vya kuwekea vyombo vya kaure. Uzuri ulio mkubwa wameuweka pale asipoweza kuuona mpita njia abadan. Walimpambia mama wa nyumba.

Hata birika la chooni walitia samaki wadogo, wale viluwiluwi vya mbu. Nasi tukaao karibu na ziwa, twaugua malaria mwaka hata mwaka!

Wala tusidhani hekima hii ni ya pwani tu. Katika mji wa Mkurya wa zamani zizi la ng'ombe lilikuwa katikati, nyumba zimelizunguka, na kila mke ana mlango wake. Hapakuwa na mama asiyejua atalala wapi.

Jambo jingine: ramani ya bwana yule yaonyesha ngazi zikishuka mpaka majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Hata pasingekuwa na sheria, Mei 2020 ziwa lilipanda likapita kimo chake cha 1964, na nyumba nyingi za ufukoni zikaingiwa na maji. Ziwa halibishi hodi.

Juzi alirudi. Nyumba imesogezwa juu ya mwinuko. Nguzo zimebaki 4, hatukumpinga. Ukumbi umekatwa, sabule ipo kando ya mlango, na njia imepinda. Mama yake, ambaye hajui kusoma ramani, alipelekwa kiwanjani akaonyeshwa chumba chake kwa kamba zilizofungwa vigingini. Bibi akasimama katikati ya kamba, akauliza jua la asubuhi litaingilia wapi. Hilo fundi hakulifikiri, na hata tuandikapo haya bado wanabishana juu ya dirisha.