Vidonda vya Tumbo Haviletwi na Mawazo

Muulize dereva wa lori aliyeegesha Salgaa kabla ya kuukwea mlima wa Sachangwan kwa nini tumbo linamchoma. Atakwambia ni mawazo, njaa na pilipili. Mama anayepalilia viazi upande wa Molo atakujibu vivyo hivyo, kisha atakutajia na tiba: maziwa, maji ya kabeji, na kidonge cha kupunguza asidi anachonunua kemisti kila kinapokwisha. Mgonjwa naye hulaumiwa. Ana hasira, hali kwa wakati, anajisumbua bure.

Imani hii si kweli, na inawaumiza watu wetu.

Mwaka 1982 huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha bakteria waliowatoa kwenye matumbo ya wagonjwa. Wakubwa wa taaluma walishikilia kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi ndani ya asidi kali vile. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na kamera iliyoingizwa tumboni ikaonyesha uvimbe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba bakteria hao ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hutengeneza amonia inayoizima asidi iliyomzunguka, kisha hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Wengi wetu humpata utotoni, majumbani mwetu, kabla hatujajua mawazo ya karo wala ya mkopo ni nini.

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo likamwaga asidi zaidi. Omeprazoli, kidonge hicho cha kupunguza asidi, ni dawa nzuri, siipingi. Huupa ukuta wa tumbo nafasi ya kufunga kidonda. Lakini ikitumiwa peke yake humwacha bakteria hai, na ndiyo sababu zamani wagonjwa wengi walirudiwa na kidonda kabla mwaka haujaisha. Mahali pake hasa ni pamoja na viuavijasumu, kwa kuwa asidi ikipungua dawa hizo hupata nguvu. Tiba iliyozoeleka ni omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini, mara mbili kwa siku, kwa siku 14. Anayeacha siku ya nne kwa sababu amepata nafuu huwaachia nafasi bakteria sugu, na safari ya pili matibabu huwa magumu zaidi.

Sibishi kwamba mawazo huweza kuzidisha maumivu. Wala si kila kiungulia ni H. pylori, na wengi walio naye hawapati kidonda maishani. Lakini kuna chanzo kingine kikubwa tunachokifumbia macho: dawa za maumivu kama diklofenaki, aibuprofeni na aspirini. Anayeshinda ameinama shambani na anayeendesha usiku kucha wote huzimeza kwa ajili ya mgongo, nazo huudhoofisha ukuta wa tumbo. Mtu hununua kidonge cha mgongo na kidonge cha asidi dirisha moja, siku moja, na hakuna anayemuuliza swali. Huo ni uzembe, na ni lazima wenye maduka ya dawa waambiwe hivyo.

Kwa hiyo pima kwanza. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama bakteria yumo sasa. Kile cha damu huweza kusema ndiyo hata baada ya kupona, na mtu akameza viuavijasumu bure. Omeprazoli huweza kumficha bakteria, kwa hiyo zungumza na daktari uisimamishe wiki 2 kabla ya kupimwa. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au ukikonda bila sababu, usisubiri kipimo chochote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hatari si kidonda peke yake: tangu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limemworodhesha bakteria huyu miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Nawe uliyemaliza dozi, usijitangaze umepona kwa kuwa tumbo limetulia. Ngoja angalau wiki 4, kisha urudi upimwe tena.