Luano: kunguni, moto, na kichupa kisicho na etiketi

Pale Luano, komine Annexe, upande wa uwanja wa ndege wa Lubumbashi, habari ya kunguni haisemwi kwa sauti. Mtu anajikuna chini ya meza, anavaa mikono mirefu, ananyamaza. Siku mama wa nyumba anapoinua godoro na kukuta vidoa vyeusi kwenye mshono, shauri linakatwa mbio: mtu aende sokoni alete dawa. Dawa inakuja ndani ya kichupa kidogo, haina etiketi, haina jina la kiwanda. Jioni kila kitu kinapulizwa: kitanda, godoro, ukuta, hata nguo. Usiku uleule watoto wanalala mulemule. Kisha juma mbili, kunguni wamerudi.

Ndugu msomaji, tujiulize pamoja: ile dawa inamwua nani?

Hakuna haya

Kunguni anakula damu tu. Uchafu haumleti, na usafi peke yake haumfukuzi. Anasafiri ndani ya valizi, kochi, godoro lililonunuliwa kwa mtu mwingine. Mwaka 2023 mji wa Paris wote ulipiga kelele juu yake, na viongozi wa Ufaransa wakakutana haraka kwa sababu Michezo ya Olimpiki ya 2024 ilikuwa inakaribia. Shirika lao la usalama wa afya, ANSES, lilikadiria kwamba kati ya 2017 na 2022, nyumba 11 kwa kila 100 ziliingiliwa na kunguni. Kama analala Paris, akilala Luano hakuna wa kuchekwa.

Tena, mpaka sasa haijaonyeshwa kwamba kunguni anapitisha magonjwa kwa watu kama mbu anavyopitisha malaria. Anachoiba ni damu kidogo na usingizi mwingi. Na hapo ndipo shida ya kwetu inaanzia. Malaria iko na programu yake ya taifa, PNLP. Ugonjwa wa malale uko na wake, PNLTHA. Kunguni hana programu inayomfuata. Basi kila familia inapigana peke yake, na feza yake, na muuza dawa wa sokoni ndiye anageuka daktari.

Juu ya nini dawa inashindwa

Kisha vita ya pili ya dunia, DDT iliua kunguni wengi sana. Lakini tayari mwaka 1947, kule Pearl Harbor, Hawaii, walionekana kunguni ambao DDT haiwafanyi kitu. Dawa nyingi za leo ni za jamii ya piretroidi, kama vile permetrini na deltametrini. Hizi zinapiga mishipa ya fahamu ya mdudu mahali palepale DDT ilipokuwa inapiga. Kunguni ambaye wazazi wake walivumilia ile, anaweza kuvumilia na hii.

Halafu kuna mayai. Dawa nyingi haziyaui, nayo yanapasuka ndani ya juma moja ama mbili. Ukipuliza mara moja tu, unaua wazazi walio dhaifu, unaacha wale wenye nguvu na watoto wao. Ndiyo maana utasikia watu wanalalamika: tunapuliza, tunapuliza, lakini ile bitu habiishe!

Mtu akishachoka hivyo, anaongeza kipimo, ama anachanganya dawa mbili. Hapo hatari inahama kutoka kwa mdudu inaingia kwa binadamu.

Sumu haichagui

Dawa ya shamba kama diklorvosi inapiga mishipa ya fahamu ya mdudu na ya mtu. Ukiona mtoto anatoka mate mengi, anatapika, anatoka jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo, pumzi inakuwa nzito, usimpe maziwa wala mafuta. Mtoe nje kwenye hewa, mvue nguo zenye dawa, mwoshe ngozi na maji na sabuni, mkimbize hospitali, na ubebe kile kichupa.

Mbaya zaidi ni vidonge vya aluminiamu fosfidi, ambavyo watu wanatumia kulinda mahindi ya kuweka gala. Vikikutana na unyevu vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inapenya hata penye ufa mdogo. Mwezi wa kumi na moja 2025, kule Istanbul, Uturuki, baba, mama na watoto wao wawili waliotoka Ujerumani walikufa. Kwanza watu walifikiri ni chakula. Uchunguzi ukaelekea kwenye dawa ya kunguni iliyowekwa ndani ya chumba kingine cha hoteli yao. Sasa fikiria parseli zetu, ambamo vyumba vya wapangaji vinagawana ukuta mmoja. Mpangaji akiweka kidonge kwake, anayelala upande wa pili hana habari.

Moto, lakini kwa akili

Joto ndilo silaha ambayo kunguni hajaizoea. Kwenye nyuzi 45 mkubwa anakufa kisha saa moja na nusu hivi, mayai yanataka karibu saa saba. Ikipita nyuzi 50, kazi inakwenda mbio zaidi. Ulaya makampuni yanaleta mashine za umeme, yanapasha nyumba nzima kwa saa nyingi. Kwetu, na delestaji ya SNEL, njia hiyo ni ndoto. Na mtu asijaribu kuiga kwa kufunga mlango na kuwasha mbabula ya makala ndani: moshi usioonekana wa makala unaua watu usingizini. Petroli kwenye kitanda nayo imeshaita moto.

Tusipashe nyumba, tupashe vitu. Nguo na mashuka: maji ya moto sana, nyuzi 60, kisha pasi. Viungo vya kitanda cha mbao ama cha chuma: maji yanayochemka kutoka kwenye birika, polepole, kila ufa. Vitu vichache visivyoweza kufuliwa: viweke ndani ya sashe nyeusi iliyofungwa, juu ya manjanja, kwenye jua kali la mwezi wa tisa na wa kumi mbele ya mvua, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Godoro ni jambo lingine: jua linapasha juu, kunguni anashuka chini. Godoro lisuguliwe kwa brashi kwenye mishono, kisha lifungwe ndani ya plastiki nzito isiyo na tundu, na libaki hivyo miezi mingi, kwa sababu kunguni anaweza kukaa muda mrefu bila kula. Nyufa za ukuta zijazwe udongo ama simenti. Rudia kazi kila juma, mpaka mwezi mzima upite bila alama mpya.

Mustikere usiitupe

Kunguni anapenda kujificha kwenye mikunjo ya mustikere, na dawa ya mustikere ni ya jamii ileile ya piretroidi aliyoizoea. Wengine wanaitoa, wanaitupa. Kosa kubwa. Congo peke yake inabeba karibu wagonjwa 12 kwa kila 100 wa malaria duniani. Usichemshe mustikere: itoe nje, ikung'ute, ifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ianike kivulini, uirudishe. Kunguni anakunyima usingizi, lakini mbu anaweza kukuzikia mtoto.

Parseli moja, siku moja

Familia moja ikisafisha na jirani asisafishe, ni kazi bure: kunguni wanapita ukutani. Kinachowezekana kesho asubuhi Luano ni parseli nzima kukubaliana siku moja, wenye nyumba na wapangaji, birika zote motoni pamoja. Shefu wa kartie anaweza kuitisha siku hiyo kama anavyoitisha salongo. Na viongozi wa afya wa jimbo wana deni moja wazi: vile vichupa visivyo na jina vitoke sokoni. Hatuwezi kumlaumu mama anayenunua sumu bila kujua, kama hakuna anayemuuliza muuzaji imetoka wapi.

Kuanza, lazima mtu wa kwanza afungue mlango aseme kwa jirani: kwangu wako, kwako je?