Mbwa Wetu Mbele ya Kamera

Watoto wetu hapa Bagamoyo hupenda kumpiga picha mbwa wa nyumbani, nyuma yake ukuta wa chokaa, chini vigae ving'aavyo. Si vibaya, ila tuwaelekeze.

Mbwa mweusi mbele ya weupe hutoka kama kivuli, kwani kamera hupunguza mwanga. Afadhali khanga ya kijani, kivulini karibu na mlango. Taa ya kamera izimwe: ndani ya jicho la mbwa mna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho huwaka pichani. Vigae humtelezesha akaingiwa na hofu. Tumtandikie mkeka, tena wetu, si wa kuazima, maana jirani Mwislamu huenda huswalia wake.

Akipiga miayo, akilamba midomo au kugeuza uso, hana raha. Tumwache, na mtoto asimkumbatie. Aking'atwa, tuoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata likiwa dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Basi kabla ya picha, mbwa achanjwe.